Shamba Letu Ukutani: maneno kwa wapiga picha vijana na mafundi wa fremu, Chake Chake

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, kina mama, mafundi seremala mliokuja kutoka Wete na Mkoani, na nyinyi vijana wenye kamera na simu mkononi, ahsanteni kwa kuniita. Mmeniomba nizungumze juu ya kupiga picha za mabanda ya kale, mifugo na mambo ya shamba, picha za kupambia nyumba. Najua wengi wenu mnataka iwe biashara, na biashara ni halali yenu. Lakini kabla hatujafika kwenye bei kuna jambo moja nataka tukubaliane. Picha ya shamba inayotundikwa ukutani iwe kumbukumbu ya kweli ya kitu chenye mwenyewe, chenye jina na chenye kijiji. Hapo itapendeza sebuleni kwa Mpemba na kwa mgeni vilevile, na miaka 40 baadaye mjukuu ataweza kuisoma.

Tazameni kuta zetu. Ukiingia nyumba mpya hapa Chake utaona saa, utaona Al-Kaaba, na pembeni bango kubwa la maporomoko ya maji ya nchi ambayo wenye nyumba hawaijui hata jina. Picha za mikarafuu, za vinu na za ngalawa zimejaa kwenye mahoteli ya ufukweni, kwa ajili ya watu wanaokaa siku chache wakaondoka. Mtoto aliyezaliwa ghorofani katika majumba ya maendeleo pale Wete anakua bila ya kuona dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, hata kwenye picha. Mimi jambo hili linaniuma, nakwambieni wazi.

Tatizo moja ni jicho tulilojifunzia. Vijana wengi wameanza kwa kutazama picha za Wamarekani, zile za mabanda makubwa mekundu kwenye majani ya kijani, na ng'ombe mmoja amesimama mbele. Ni picha nzuri, na zina sababu zake. Kule kuna miezi ya theluji, mnyama lazima alale ndani na majani ya kumlisha yawekwe akiba, kwa hiyo banda huwa jengo kubwa la mbao, mara nyingine kubwa kuliko nyumba ya mwenyewe. Wekundu ule asili yake ni rangi waliyokuwa wakiichanganya wenyewe kwa mafuta ya kitani na kutu ya chuma, ili mbao zisioze. Mtu wa huko akitundika picha ile sebuleni anatundika maisha ya babu yake.

Sasa kijana wa Pemba anatoka na kamera kutafuta banda la namna ile, halioni, anarudi akisema hapa hapana kitu. Kwetu hapana theluji. Ng'ombe hufungwa chini ya mfenesi, mbuzi wana kibanda cha fito kilichoinuliwa juu ya ardhi, kuku hulala penye kipenu cha jikoni. Vitu vyetu vya shamba ni vidogo, viko wazi, viko chini, na vingi vimetengenezwa kwa vitu ambavyo havikai sana: makuti, udongo, fito, kamba za makumbi. Ukivitaka huna budi kuinama na kusogea karibu. Kuna dungu katika bonde la mpunga, pale anapokaa mtu kuamia ndege. Kuna jiko la nje lenye mafiga matatu na ukuta uliokuwa mweusi kwa moshi. Kuna tanuu la kukaushia mbata, kuna kisima chenye alama za kamba kwenye ukingo. Kule Makunduchi, Unguja, wanajenga kibanda cha makuti kila Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya, ili kichomwe moto, na hicho nacho ni jengo la urithi ingawa umri wake ni mfupi.

Niwape mfano wa ghala moja la karafuu, kaskazini ya Wete. Kuta zake ni mawe na udongo, zilipakwa chokaa zamani, na chokaa imebanduka upande wa kusi tu, kwa sababu mvua ya masika inaupiga upande ule. Ukisogea utaona ncha za boriti zimetokeza nje ya ukuta, hazikukatwa sawa, na kila moja imefungwa kamba ya makumbi kwa fundo lilelile. Paa lilikuwa la makuti ya viungo, sasa nusu ni mabati. Mlangoni, usawa wa bega la mtu mzima, mbao imekuwa laini na inang'aa kwa mabega ya watu waliopita na magunia. Ukipiga ghala lote kwa mbali utapata kibanda kibovu. Ukilipiga pale mlangoni tu, asubuhi, jua likiingia kwa ubavu, utapata picha ambayo mtu ataiweka ukutani na kila mgeni atauliza habari zake. Na hapo ndipo mwenye nyumba anatakiwa awe na la kujibu.

Jibu lenyewe lina historia, na nakuombeni vijana muijue kabla ya kubonyeza. Mikarafuu ililetwa visiwani mwanzo wa karne ya 19, na Sultani Seyyid Said akasukuma sana ipandwe. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka kisiwa hiki. Mashamba yale ya mwanzo yalilimwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi 1897, maana yake kuna miti na kuta zilizosimama kwa mikono ya watu ambao hawakulipwa na majina yao hayakuandikwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikagaiwa eka tatu tatu, na ghala lililokuwa la bwana mmoja likawa la familia kadhaa. Ukipiga picha ya ukuta kama huo, ukaipaka rangi ya dhahabu kwenye simu mpaka kila kitu kikawa kitamu, umefuta yote hayo. Acha ukuta uonekane ulivyo.

Tukija kwenye kazi yenyewe, mwanga kwetu ni mkali. Pemba iko kiasi cha digrii 5 tu kusini ya ikweta, na saa sita mchana jua liko utosini karibu mwaka mzima. Wakati huo uso wa mtu unakuwa na vivuli vyeusi machoni, mabati yanawaka, na udongo unapoteza rangi yake. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, mfanye kazi hadi saa mbili, mbili na nusu. Jioni anzeni saa kumi na nusu. Mchana tumieni kivuli cha baraza na ndani ya nyumba: simama ndani ya mlango ukiupa mgongo ukuta wenye giza, uache mwanga wa nje uingie wenyewe. Kwenye simu, gusa pale penye mwanga zaidi kisha punguza mwanga kidogo kwa kidole, giza la ndani litabaki giza na hilo halina ubaya. Siku ya mawingu usikae nyumbani. Ukuta wa udongo na majani ya mgomba hutoka vizuri zaidi siku ya mawingu kuliko siku ya jua.

Msimu wa karafuu ndio wenye kila kitu, na hapa nitakaa kidogo. Watu wengi wanapiga jamvi lililojaa karafuu kutoka juu, basi. Lakini angalieni kinachotokea usiku kabla ya kuanika. Familia imekaa barazani, taa iko chini, kila mtu ana lundo la vishada mbele yake. Mama anachukua kishada, anakisukuma kwa kiganja na kukizungusha mara moja, karafuu zinaanguka upande huu na makonyo, yaani vijiti vyake, yanatupwa upande ule. Kiganja chake kimeshakuwa na rangi ya kahawia ambayo haitoki kwa sabuni siku kadhaa. Mkono ule peke yake, bila ya uso, ni picha ya ukutani. Kesho yake karafuu zikiwa majamvini bado zina kijani na wekundu wa waridi, na kila siku ya jua zinazidi kuwa nyeusi. Ukirudi uwanja uleule, mahali palepale, kila asubuhi hadi zikauke, utapata mfululizo wa picha nne au tano zenye rangi tafauti, na fundi wa fremu akizipanga safu moja, sebule nzima imepata pambo. Hiyo ni bidhaa ambayo hakuna mtu wa nje atakayeweza kuwauzieni, kwa sababu hayupo hapa siku nne mfululizo.

Upande wa wanyama. Ng'ombe wetu wa nundu ana pembe fupi na macho mazuri sana, na karibu kila picha yake ninayoletewa imepigwa na mtu aliyesimama wima akimtazama kwa juu. Piga goti. Lenzi iwe usawa wa jicho la ng'ombe au chini kidogo, na macho ndiyo yawe makali kuliko kitu chochote. Usiende peke yako kwa ng'ombe mwenye ndama, na usisimame baina ya mama na mtoto wake. Mwache mwenyewe akae naye, amkune shingoni, mnyama ashushe masikio yake, ndipo upige. Wakati wa kukama asubuhi ni bora: ng'ombe ametulia, maziwa yana povu, mvuke unaonekana ukiwa na mwanga wa nyuma. Kamba shingoni usiiondoe ili kuipamba picha. Ile kamba mtu ameisokota.

Ng'ombe wa mchezo ni habari nyengine. Mchezo wa ng'ombe, yaani kucheza na dume uwanjani, ni wa Pemba, husemwa kwamba asili yake ni Wareno, na mnajua wenyewe namna kijiji kinavyojaa siku hiyo. Uwanjani piga watu, zumari, vitambaa na vumbi, ukiwa nyuma ya wazee, kwa sababu dume lililokasirika halijui mpiga picha. Lakini picha ya kutundika nyumbani naipendelea ile ya siku moja kabla, dume limefungwa kwao, vijana wanaliosha. Na jogoo wa kuchi msimsahau. Shingo ile ndefu na miguu ile, akisimama juu ya kinu jua la asubuhi likiwa nyuma yake, anatosha ukuta mzima.

Hapa kuna suala ambalo mzee mmoja ameniuliza kabla ya kikao, na ni haki ajibiwe mbele ya wote. Katika nyumba zetu nyingi watu hawatundiki picha za viumbe wenye roho, khasa mahali wanaposwali. Sina elimu ya kutoa fatwa, na sitabishana na mtu ndani ya nyumba yake. Ninachowaambia vijana ni kwamba urithi wetu ni mpana wa kutosha. Milango, majamvi, ukili uliotiwa rangi, pakacha, kifumbu, mbuzi ya kukunia nazi, mkarafuu wa kale, bonde la mpunga baada ya mvua: vyote hivyo vinaingia nyumba yoyote bila ya kumtia mtu unyonge. Picha za ng'ombe na kuku ziendeni nazo kwenye mikahawa, skuli, ofisi na nyumba za wageni, na wale wanaozitaka watakuja wenyewe. Muulizeni mteja kwanza. Ndiyo adabu, na ndiyo biashara pia.

Ruhusa ni jambo ambalo silegezi. Visiwa hivi vimepigwa picha tangu karne ya 19. Gomes alikuwa na studio mjini Unguja enzi za masultani, na Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio mwaka 1930. Tunazishukuru kazi zile, bila yao tusingejua mambo mengi yalivyokuwa. Lakini tazameni kadi za posta za zama zile zinazoonesha wachumaji wa karafuu au wanawake wanaotwanga: mara nyingi chini pameandikwa mahali na kazi, na mtu mwenyewe hana jina. Alikuwa mama wa mtu. Mjukuu wake huenda yuko katika chumba hiki na hawezi kumtambua. Sisi tusirudie hivyo. Bisha hodi, toa salamu, kaa, sema unataka kupiga nini na picha itakwenda wapi. Akikataa, shukuru na uondoke. Akikubali, mpelekee picha moja iliyochapwa, si ya kwenye simu. Na kama utaiuza picha ya banda lake, mpatie sehemu yake, mkubaliane mapema mbele ya shahidi. Mpiga picha anayechukua sura ya nyumba ya mtu na kuiuza mjini bila ya mwenyewe kujua, kwangu mimi hajafanya kazi ya urithi hata kidogo.

Na tusimlaumu mtu kwa kuezeka mabati. Makuti yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, minazi imepungua, na mama mwenye watoto hawezi kulala chini ya paa linalovuja ili sisi tupate picha. Tukisikia nyumba inaezekwa upya, twendeni siku ile, tupige makuti yakishushwa, tupige fundi na fito zake, kisha tusaidie kubeba mabati.

Kuhusu kuchapa nitasema kwa ufupi, maana mafundi wanajua zaidi. Karatasi ya A3 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 3,508 kwa 4,961, yaani kiasi cha megapikseli 17. Simu ya megapikseli 12 itakupa kiasi cha sentimita 34 kwa 25 kwa ubora huo. Lakini picha ya ukutani hutazamwa kwa mbali, nukta 150 zinatosha, na simu ileile inafika sentimita 68 kwa 51. Kinachoharibu kazi ni kuvuta picha kwa vidole wakati wa kupiga, na kuitumia WhatsApp kama picha ya kawaida, ambako inabanwa na kupunguzwa. Itume kama dokumenti, au mpelekee fundi kwa flashi. Na kabla ya kupiga futa kioo cha simu. Hewa yetu ina chumvi, na vidole vyetu vina mafuta ya nazi.

Unyevu ndio adui mkubwa wa picha Pemba. Picha iliyogusana na kioo itang'ang'ania kioo ikipata joto na majimaji, na ukiibandua inachanika. Mafundi, wekeni kartoni yenye dirisha baina ya picha na kioo. Nyuma ya fremu tieni vipande viwili vya mpira au mbao chini, ili hewa ipite baina yake na ukuta. Msitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala ukuta wa mawe unaotoa chumvi, na jua la dirishani lisiifikie, rangi zitapauka. Mbao ya mfenesi napenda kuliko zote kwa fremu hizi. Ina njano ikiwa mpya, inakwenda kwenye kahawia kadiri miaka inavyopita, na mchwa hawaipendi. Kamera na lenzi zihifadhiwe ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, la sivyo kuvu litaingia ndani ya vioo.

Sasa mgongo wa picha. Kila picha itakayotoka katika kundi hili, nakuombeni, nyuma yake paandikwe kwa penseli: kitu ni nini, kijiji, shehia, mwaka, jina la mwenyewe kama ameridhia, na jina la mpigaji. Penseli, kwa sababu wino wa kalamu hupita na kujitokeza mbele. Pale mwenye kitu anapotaja jina la sehemu fulani ya banda au chombo ambalo nyinyi vijana hamlijui, liandikeni kama alivyolitamka, kwa Kipemba chake. Nakala moja ya kila picha muhimu ipelekwe Makumbusho pale Ngomeni hapa Chake, au Nyaraka za Taifa kule Kilimani, Unguja. Kazi zenu zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003, na COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ipo kwa ajili hiyo, nendeni mkaulize utaratibu kabla picha haijatembea kwenye fulana za watu.

Baada ya sala ya alasiri tutakwenda pamoja kwenye uwanja wa kuanikia wa mzee aliyekaa pale mbele, ameshatupa ruhusa na anatungojea. Kila kijana apige picha tatu tu, azifikirie. Nyinyi mafundi kaeni naye barazani, muulizeni boriti zake zilikatwa wapi na nani aliyefunga makuti, na mmoja wenu aandike. Mwenye simu isiyokuwa na chaji atumie hii yangu.